Fundo la Nyuma

Kamba ilimponyoka bibi kwa mara ya tatu, na saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili kasoro dakika ishirini na tano.

"Bibi, si utumie hizi za kunata?" mjukuu alisema, akihamisha uzito mguu huu mguu ule kama amekanyaga makaa. "Unabana tu, kraa, umemaliza. Nusu ya timu ndivyo tunavyofanya. Mwalimu mwenyewe haoni."

"Simfungii mwalimu," bibi akajibu, akaanza upya.

Vifaa vilikuwa vya mjukuu, vya ule mchezo wa kendo, wa kupigana kwa panga za mwanzi. Sebule yote ilikuwa imejaa: kofia yenye nondo usoni, glovu nene kama mito, kinga ya kifua, kinga ya kiuno, na upanga wenyewe umeegemezwa ukutani. Mjukuu alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa jinsi bibi alivyosinyaa, siku hizi wawili hao waliazimana magauni.

Baba wa nyumba hakutaka kusikia habari za mchezo huo. Alisema mtoto wa kike hafundishwi kupiga watu. Kwa hiyo kila Alhamisi bibi ndiye aliyemsindikiza mjukuu ukumbini, akakaa benchi la nyuma na mkoba wake mapajani, akiangalia mafundo tu. Mwezi wa pili akamfuata mwalimu, akamwomba amfundishe kufunga. Mwalimu alicheka, halafu akaona mama wa watu hatanii.

"Fundo la kweli linachosha kujifunza," alimwambia, "lakini linakaa pambano zima. Hizi za kunata, kipigo cha tatu zimeachia, kinga inaning'inia kama aproni."

"Pambano ni la muda gani, mwalimu?"

"Dakika nne."

"Na likiwa la nusu saa?"

"Bibi jamani! Hakuna pambano la nusu saa."

"Lakini likiwepo?"

Mwalimu akakuna kichwa. "Basi kamba zilingane, zisisokotane. Na fundo la nyuma uliguse wewe mwenyewe, usimwachie mtu."

Tangu siku hiyo, asubuhi baba wa nyumba akishaenda kazini, bibi aliweka maharage jikoni kisha akafanya mazoezi kwenye mgongo wa kiti. Kiti hakikumharakisha. Leo mjukuu alikuwa amemsimamia, na vidole vikawa kama vya mtu mwingine.

Mwanawe, mama wa yule mtoto, akatoka chumbani na mfuko mmoja begani, shungi limeshuka hadi kwenye nyusi. Tangu Jumapili alikuwa akiugulia jino. Hata kuongea aliongea kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mama, basi ni la saa kumi na mbili na nusu. Kufika kituoni tu ni dakika ishirini."

"Nimesikia."

"Sasa mafundo ya nini? Bana hizo za kunata, yaishe!"

"Mwanangu, mimi si cherehani." Bibi hakuinua macho. "Mwaka jana tulifanya mambo haraka haraka. Unakumbuka tulivyorudi."

Mwanawe akauhamishia mfuko bega la pili. Mjukuu akatazama sakafu.

Kumi na mbili kasorobo. Bibi alilowesha vidole kwa mate. Fundo la mbele lilikubali. La bega likakubali. La nyuma, lile la kiunoni, ndilo lililomtesa, maana hufungwa bila kuonekana; vidole tu ndivyo vyenye macho. Akapitisha kamba juu, akaileta chini, akavuta. Ikalegea. Jasho likamwingia machoni.

"Nipe mimi, Bibi, nifunge mara moja," mjukuu akasema, sauti imekatika.

"Usiguse."

Akafumba macho. Juu, chini, ndani, vuta. Akapapasa masikio mawili ya fundo. Yamelingana. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, na fundo likakaa palepale.

"Haya," akapumua. "Nendeni. Piteni mlango wa jikoni."

Mjukuu akamrukia bibi yake wakakumbatiana, kinga ile ngumu ikawa katikati yao kama ubao. "Redio inalia chumbani," akasema akifuta pua. "Nikaizime?"

"Iache ilie."

"Na baba akirudi?"

"Baba yako niachie mimi."

Mwanawe alitaka kusema kitu, bibi akamsukuma taratibu kwa kiganja. Wakatoka. Alisikia geti la nyuma likifunguliwa, likafungwa, na viatu vyao vikienda mbio uchochoroni mpaka visisikike tena.

Saa kumi na mbili kamili pikipiki ilizimwa uani. Mkwewe akaingia, akasikia redio, akatabasamu. Akauchomoa mkanda wa suruali, akaukunja mara mbili mkononi.

"Wako wapi?"

"Chumbani," bibi akajibu kutoka nyuma ya nondo za kofia, mgongo wake kwenye mlango uliofungwa, akainua upanga wa mwanzi kwa mikono yote miwili. "Lakini hapa hupiti, baba."