Kivuli Changu Ukumbini

Siku hizi shabiki wa taarabu akivua miwani inayomwingiza ukumbini akiwa nyumbani kwake, sharti aache kivuli chake mle ndani kiendelee kucheza na kutunza waimbaji, ili ukumbi usiwe mtupu. Changu kina sare nyingi kuliko mimi.

Jumanne jirani yangu Mwanamvua aliingia jikoni bila hodi.

“Shoga, kumbe posa ya Saumu mnaikataa kwa sababu ya mdomo wa Bi Kibibi?”

Nikaacha kumenya vitunguu. Hilo nilimwambia binti yangu Saumu peke yake, hapahapa jikoni, na Bi Kibibi, mama wa kijana aliyeleta posa, tulikuwa hatujamjibu.

“Nani kakwambia?”

“Wewe. Jana ukumbini, mwenyewe Bi Kibibi kakaa mbele yako.”

“Jana nilikuwa msibani.”

Nilimfuata Nuru wa nyumba ya pili, mmoja wa waliojenga ukumbi ule. Wala hakushangaa.

“Mwanzoni kazi ilitushinda, mama. Taa nzuri, muziki mzuri, watu wanakimbia. Vivuli vilikuwa na adabu mno. Ikabidi tuvifundishe umbea.”

“Mliutoa wapi?”

“Majumbani. Miwani haizimiki, inasinzia tu, masikio wazi.”

Yangu ilikuwa ikining'inia msumarini, karibu na jiko. Nimeifunga kwa kanga mbili, nikaitia sandukuni. Bi Kibibi hanisalimii tena, na mimi na Saumu tunaongea kwa nyusi.

Leo Mwanamvua kaja, kakaa mkekani, miwani yake kaipandisha kwenye paji la uso.

“Haya, niambie mwenyewe. Ni kweli?”

Miaka ishirini sijawahi kumnyima habari. Nikaitazama ile miwani.

“Kunywa chai, shoga,” nikamwambia. “Itapoa.”