Muhuri wa Peirong

Mama mkwe wake Peirong alikuwa mwepesi wa kugonga muhuri kuliko mwandishi mwenyewe. Kila nakala ya kitabu ilibandikwa kikaratasi chenye muhuri wa mwandishi, ili mchapishaji asichape nyingine kwa siri, na asubuhi hiyo vikaratasi vilijaa meza ya jikoni kwao Shanghai.

"Nachafua vidole kwa wino wako mwekundu, na hata sijui umeandika uongo gani," alisema mama mkwe. "Hebu nisomee kidogo."

Peirong alifungua kitabu. Angeweza kumsomea ukurasa wa soko la samaki, na mzee asiyejua kusoma asingegundua kitu. Lakini mtaa mzima ungesoma, na majirani wana midomo.

Akamsomea ule wa mwanamke anayejifungia chumbani kuosha miguu yake iliyofungwa vitambaa tangu utotoni ili isikue, miguu ambayo hata marehemu mumewe hakuwahi kuiona wazi.

Muhuri ukabaki hewani, haukushuka.

"Ulichungulia," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama. Kwenye ufa wa mlango."

"Na umeandika kwamba inanuka?"

"Nimeandika."

Mama mkwe aliguna, akaweka muhuri chini. Kisha akainama, akavua kiatu kidogo cha hariri, akaanza kukunjua kitambaa, mzunguko baada ya mzunguko.

"Fungua pazia," alisema. "Kwenye ufa uliona nini, wewe?"