Kilio cha Bangili ya Mwene

Bertilla aliporudi kutoka mashineni, nywele nyeupe kwa vumbi la unga, alikuta kitambaa cheusi kimefunguliwa mezani na mwanamume asiyemjua ameishika bangili ya mwene, chifu wa kale wa Ufipa. Aliketi juu ya gunia la ulezi, maana kiti kilikuwa mbali.

"Shikamoo shangazi," alisema Raymond. "Umechelewa, nikaona mimi mwenyewe nimtolee mgeni. Huyu ni Bwana Suleimani, ametoka Arusha."

Siku hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kilikuwa kinauzika. Maduka ya mtaa wa Majengo, ambayo miaka michache nyuma yalikuwa na chumvi na samahani, sasa yalijaa sabuni za kunukia na redio za kaseti. Barabara ya Namanyere haikumaliza wiki bila kupitisha gari la watu wanaotafuta vitu vya kale: vigoda, ngoma, hata milango. Raymond alijua kuongea nao. Alizaliwa Tabora, Kifipa chake kiliishia kwenye salamu, lakini ndiye mwanamume pekee aliyebaki katika ukoo wa mwene. Bertilla hakuwa na mwingine wa kumkimbilia.

Bangili ilikuwa ya shaba iliyosokotwa, nene kama kidole gumba. Shaba hiyo ilivuka ziwa kutoka Katanga kabla ya mtu yeyote kuhesabu miaka. Mabinti wa ukoo ndio walioitunza, si wake walioolewa. Kazi yao ilikuwa kuipaka mafuta ya nyonyo, na kuililia kama maiti kila ilipotoka nyumbani. Mtu wa ukoo akifa, huwekewa kifuani kwanza, ndipo azikwe, ili wenzake waliotangulia wamtambue. Bertilla alikuwa na miaka sabini na mmoja, na hilo ndilo jambo pekee alilobakiza kulingoja.

Aliitazama mkononi mwa mgeni. Aliona upande wa ndani palipolika kwa vidole vya wanawake wanne waliomtangulia.

"Raymond," alisema. "Hii ndiyo yenyewe."

"Ndiyo yenyewe, shangazi. Nimeshamwambia."

"Nisikilize, baba. Hii ndiyo yenyewe."

Raymond alimtabasamia mgeni. Suleimani akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akauliza kwa adabu kama bibi angeweza kumweleza historia yake kidogo.

Bertilla alidhani kumtia mgeni aibu kungemsaidia. Akaeleza jinsi mwene alivyoivua mkononi Wajerumani walipokuja, na shangazi wa baba yake akaikandika ukutani kwa udongo, akalala miaka saba ameuelekea ukuta huo. Akaeleza jinsi uchifu ulivyofutwa, na shangazi yake akaificha ndani ya kibuyu cha mbegu ili wakubwa wasije kuichukua. Alitaka mgeni aone kuwa kitu hicho hakina bei. Mgeni aliandika yote kwenye daftari, na kila alipofunua ukurasa mpya alipandisha bei. Kumbe hadithi nazo ni bidhaa.

Hapo machozi yakamtoka Bertilla, na hayakuwa ya mila.

Suleimani hakuwa mtu mbaya. Alifunga daftari. "Kama bibi hataki, tuache," alisema. "Mimi sipendi kuondoka na kinyongo cha mtu."

"Hapana, kaka, hiyo ni mila yetu," Raymond alidakia. "Mlinzi lazima alie. Asingelia ndipo ungetilia shaka."

Mgeni akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa, akaiweka bangili karibu zaidi na kifua chake. Bertilla aliona mlango uliotaka kufunguka unafungwa. Akajaribu ule mwingine, uliokuwa umebaki.

"Ni ya bandia," alisema. "Imefuliwa mwaka huu na fundi wa mjini, kwa waya wa umeme. Usidanganyike, mwanangu."

Raymond alishtuka kuliko mgeni. Jasho lilimtoka katika baridi ile ya Ufipa. Suleimani ndiye aliyecheka, taratibu, kama anayemcheka mama yake mzazi.

"Bibi, nina miaka sita katika biashara hii. Wenye vitu vya bandia huniapia kuwa ni vya kweli. Wewe ni wa kwanza kuniambia kinyume." Akaongeza bei kwa mara ya mwisho, na Raymond akaikubali kabla haijaisha kutamkwa.

Bertilla alisimama, akaushika mkono wa mgeni. Alisema kwa Kifipa, alisema kwa Kiswahili, alimwapia Raymond kwa kaburi la baba yake. Wanaume wale wawili waliinamisha vichwa, wakangoja kilio kiishe, kama watu wanavyongoja msibani. Pumzi yake ilipoisha, si uchungu wake, Suleimani akaukunjua mkono wa bibi kidole kimoja kimoja, kwa upole, akashukuru. Gari likaelekea Sumbawanga, na upepo ukalifuta vumbi lake mapema.

Raymond alirudi ndani akijifuta shingo, akachuchumaa mbele ya gunia la ulezi.

"Shangazi, leo umelia mpaka mimi mwenyewe nikakuamini, ila pale pa kumwambia ni ya bandia ulitaka kutumaliza," alisema. "Haya, ya bandia ya saba imekwenda. Nitolee ile ya kweli nimpelekee fundi aitazamie, atufulie ya nane."