Ndoo Katikati ya Njia

Mwanasha alitua ndoo ya maji katikati ya njia, akaikaza kanga kiunoni, akakimbia.

Balozi wa nyumba kumi, aliyejibanza nyuma ya mikorosho michanga, akatabasamu. Leo nimemnasa. Mtu mzima hakimbii bure, ndivyo alivyozoea kuwaambia watu kwenye mikutano. Na huyu ni mke wa mtu, mama wa watoto wanne, anakimbia kila asubuhi akitoka kisimani, kabla kengele ya shamba la kijiji haijalia! Lazima kuna mwanamume.

Akakodoa macho amwone. Mwanasha alifika kwenye mnazi uliopigwa radi, akaugusa kwa kiganja, akageuka. Hapakuwa na mtu. Akarudi mbio, visigino vikitifua mchanga, uso unang'aa kama wa bibi harusi. Ndani ya ndoo, majani aliyoyaweka ili maji yasimwagike yalikuwa bado yanacheza.

Balozi akajivuta mbele atazame vizuri. Kijiti kikavunjika chini ya mguu wake.

Mwanasha akasimama, akihema. Wanawake wengine walikuwa wanatoka kisimani, ndoo vichwani.

"Shikamoo, Balozi," akasema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Humo kichakani wamngoja nani?"

Wanawake wakasimama.

"Marahaba," Balozi akaitika. Akapandisha msuli wake hadi magotini, akatimua mbio.

Nyuma yake alimsikia mmoja wao akitua ndoo.

"Mtu mzima hakimbii bure."