Bitana ya Sanduku

Kesho yake Mwanahawa angesafiri kwenda kufanya kazi za ndani ughaibuni. Mama yake alifumua bitana ya sanduku la mtumba walilonunua sokoni, ashonee humo nakala ya pasipoti na namba ya simu ya nyumbani.

"Wakikunyang'anya pasipoti, mwanangu, hii hawataijua."

Vidole vyake vikagusa karatasi iliyokuwa tayari ndani ya bitana. Ilikuwa nakala ya pasipoti ya msichana mwingine, imeshonewa kwa uzi mwekundu, na namba ya simu imeandikwa chini.

Mwanahawa akaipiga. Haikuita hata mara mbili.

"Rukia?" sauti ya mwanamke ikauliza. "Rukia, mwanangu, uko wapi?"

Mama akatazama sindano mkononi mwake. Uzi alioutunga ulikuwa mwekundu pia.