Matundu ya Ovaroli

Mzee Sangija aliapa kijiweni kwamba haya ni kweli tupu, na akiongopa atawanywesha wote kahawa.

Wiki ya uchaguzi, mgombea alifika kiwandani amevaa ovaroli yenye matundu. "Mimi ni mvujajasho mwenzenu!" akatangaza. Meneja akamsukuma Nyamizi, fundi wa kuchomelea vyuma, apigwe naye picha.

Nyamizi akaikagua ile ovaroli. Tundu la cheche huwa na ukingo mweusi, mgumu. Haya yalikatwa kwa mkasi.

"Sipigwi picha na huyu."

"Basi kesho usije kazini!" meneja akafoka.

"Kazi chukua. Kura yangu haimo humo." Akawasha mashine. "Mheshimiwa, sogea nikutoboe matundu ya kweli!"

Cheche zikaruka hadi mawinguni. Mgombea akatimka, akavuka mito mitatu bila kulowa.

"Mito mitatu, mjomba?" Nyamizi alikuwa amesimama nyuma ya benchi la kijiweni muda wote. "Alikimbilia garini tu."

Kijiwe kikaangua kicheko, na mzee akaagiza kahawa ya watu wote. Nyamizi, asiye na kazi tangu siku ile, akanyoosha mkono apokee kikombe. Jua likapenya katika matundu ya ovaroli yake.