Pini ya Mlingoti

Mlingoti wa mashua ulikuwa umesimama. Kinyozi aliuinua peke yake, kama alivyomwapia mkewe, na sasa mikono yake yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania kamba iliyouzuia usianguke. Pini ya kuukaza kwenye kitako, pini pekee aliyokuwa nayo, alikuwa ameibana kwa meno.

Ndipo mama mkwe akatokea gatini na mkoba wake mzito, binti yake nyuma.

"Mkwe, siku hizi hatusalimiani?"

"Mmh," alijibu kinyozi. Chuma kilikuwa na ladha ya kutu, na mate yalianza kumchuruzika kidevuni.

"Ananigunia! Mwanangu, huyu ndiye uliyesema ana adabu kuliko yule mwalimu aliyekuposa?"

Mkewe alimtolea macho. "Wewe! Msalimie mama!"

Kinyozi aliyatazama maji chini ya mashua, kisha mlingoti, kisha uso wa mama mkwe, ambao kati ya vyote hivyo ndio uliomtisha zaidi.

"Shikamoo, mama."

Pini ikatumbukia majini, chubwi.

"Marahaba, baba," alisema mama mkwe, moyo wake kwatu. "Haya, iache hiyo kamba uje unipokee mkoba."